Aliyeitwa Yaya

Sura ya Tisa

Mwanamke akipendwa kwa siri hufika mahali akachoka, hata siri yenyewe ikiwa tamu namna gani. Orpha alikuwa ameshafika hapo. Mwaka mmoja na miezi mitatu Kip alikuwa akimpenda nyuma ya milango: mlango wa gari, mlango wa fleti yake kule Sandton, mtaa wa kitajiri wa Johannesburg, na pazia la chumba cha cherehani cha Orpha pale Hillbrow, ambako alikuja mara ya kwanza kupunguziwa suruali ya suti, kisha akarudi kesho yake na suruali nyingine isiyokuwa na kasoro yoyote. Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sijui walimsemea nani, maana Kip alikuwa amekohoa muda wote huo, mkono uko mdomoni, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Lakini leo siri ilikuwa ife. Mama yake Kip alikuwa amekuja kutoka Kapsabet, huko Kenya, kutembea kwa wiki mbili, na siku hii ya sikukuu ya urithi ya Afrika Kusini wote wangekutana kwenye mbio za kilimani. "Utamwona, na yeye atakuona," Kip aliapa. "Nitamwambia wewe ni nani." Orpha alihitaji kiapo hicho kuliko Kip alivyojua. Mjomba wake Marcellin, aliyekuwa ndiye mzazi wake katika jiji hili, alikuwa amemwambia bila kupepesa macho kwamba mwanaume anayekuficha kwa mama yake hana nyumba ya kukuweka, na kwamba mwezi ukiisha hataki kumsikia tena huyo Mkenya. Orpha alimjibu, "Mjomba, ngoja tu sikukuu ipite, utaona."

Mbio zenyewe hazina mshindi. Kila mwaka watu hupanda kilima kile cha kusini mwa Johannesburg, katikati ya nyasi kavu na mawe, hadi kwenye kuta zilizojengwa na Watswana wa zamani, waliofuga ng'ombe na kufua chuma pale kabla jiji halijawa jiji. Wajukuu wa watu hao ndio waandaaji. Wao husema hata mgeni, maadamu anakanyaga udongo huu na kula vinavyoota juu yake, ana haki ya kuujua na kuusalimia. Basi huja Wazulu na ngozi zao, Wavenda na ngoma zao, na wageni kama akina Orpha na nyimbo walizotoka nazo makwao. Watu hukimbia kwa kaya, na kila kaya huvaa kitambaa kimoja.

Ndiyo maana Orpha alikuwa ameshona nguo nne za kitenge kimoja, kijani chenye maua ya njano. Moja yake, moja ya mdogo wake Shekinah, moja ya Kip. Ya nne ilikuwa ya mama mkwe mtarajiwa, na kipimo chake alikuwa amekikadiria kwenye picha ya simu. Hakumwambia mtu kwamba ya nne ndiyo aliyoianza, wala kwamba aliifumua mabega mara mbili.

Alimwona Kip kutoka mbali, mrefu, mwembamba, akija kwa mwendo wake ule wa kuyumba kidogo, na moyo ukamwenda mbio kabla miguu haijaanza. Kisha akaona fulana. Kip alikuwa amevaa fulana ya bluu ya benki anayofanyia kazi.

"Ile shati nilikushonea iko wapi?" Orpha aliuliza.

"Iko kwa gari." Kip alitazama kulia na kushoto kabla ya kumtazama yeye. "Nitaivaa baadaye. Wacha kwanza nimpange mama."

"Kumpanga namna gani? Si ulisema umeshaanza kumwambia?"

"Nimeanza, Orpha. Nimeanza anza. Please, usiharakishe mambo. Anakuja hapo nyuma."

Macho yake yakatua usoni mwa Orpha, yakabaki hapo kwa muda, na mwanamke akasamehe fulana. Kip alikuwa na macho ya namna hiyo, ya kusema pole kabla hata kosa halijafika. Laiti Orpha angejua ni kosa gani lililokuwa njiani, asingeyatazama.

Mama yake Kip akafika, mwalimu mstaafu aliyevaa suti ya michezo ya zambarau na kofia ya sufu. Watu wa kwao walimwita Mama Jelimo, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa na uso wa upole na miwani iliyoning'inia kifuani. Orpha alifuta viganja kwenye sketi.

Kip akasafisha koo. "Mama, huyu ni..."

"Yaya!" Shekinah alipaza sauti kutoka kwenye foleni ya kuchukua namba. "Yaya Orpha! Njo, wanataka sahihi yako!"

Uso wa Mama Jelimo ukachanua. "Yaya! Kumbe ndiye huyu!" Akaushika mkono wa Orpha kwa mikono yake yote miwili. "Nimefurahi kukuona, msichana wangu. Kip aliniambia kuna mtu anakuja kumsaidia pale kwa nyumba. Nikasema, huyo mtu lazima nimwone kabla sijarudi."

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu neno moja linapovuka mipaka hubadilika tabia. Kwa Wakongo kama Orpha, yaya ni mkubwa wako, dada au kaka aliyekutangulia kuzaliwa, au yeyote unayempa heshima ya ukubwa. Mtoto hamtaji mkubwa wake kwa jina kavukavu. Kwa Wakenya, yaya ni msichana wa kazi, yule anayelea watoto wa watu, anayefagia na kupika. Miaka tisa Orpha alikuwa ameishi Hillbrow katikati ya Wakongo wenzake, akishona kutwa, na maana hiyo ya pili haikuwahi kumfikia. Alichosikia ni mama mkwe akimwita kwa jina la heshima siku ya kwanza kabisa, mbele za watu. Machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Ndiyo, mama," alisema akikunja goti. "Ni mimi yaya."

"Mungu akubariki. Ile mboga yako ya majani ya muhogo nimekula siku tatu, sijachoka. Na hayo mashati! Hata mimi sijui kupiga pasi hivyo."

"Asante, mama. Mi napenda tu kumufanyia."

"Sasa unalala huko huko, ama jioni unaenda kwenu?"

Orpha alipigwa na butwaa. Swali la namna hiyo, kutoka kwa mama mkwe, hata jua halijapanda! "Hapana, mama! Kila mara narudia kwetu Hillbrow. Sisi ni watu wa kanisa."

"Vizuri sana. Kijana hajaoa, hafai kuweka yaya wa kulala. Watu wataongea." Mama Jelimo alicheka kwa wema kabisa. "Sisi tulikuwa na yaya mmoja miaka kumi na miwili. Huyu Kip unayemwona, yeye ndiye alimnawisha, akamfulia soksi, akampeleka nursery. Mtu kama huyo unamuweka kama ndugu. Na Kip akioa, usimuache, umlelee watoto wake pia. Hebu nishikie mkoba, nifunge kiatu."

Maneno yalimwingia Orpha moja moja. Akioa. Umlelee watoto wake. Mkoba ulikuwa tayari mkononi mwake. Akageuka polepole kumtafuta Kip.

Kip alikuwa amechutama, anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Naye hakuwa na udhuru wa kutojua. Mara ya kwanza alipomsikia Shekinah akisema yaya, alishtuka akauliza, akaelezwa maana ya Kikongo, akaitikia kwa kichwa. Ya kwao hakuisema. Kwa hiyo katika watu watatu waliosimama pale, mmoja tu alikuwa amesikia kila kitu na kukielewa pande zote mbili, na huyo ndiye aliyenyamaza.

"Kip," Orpha alisema.

"Twende, wanaanza," Kip alimjibu, akizungumza na kamba.

Baragumu la pembe ya tandala likalia. Wazee walielekezwa njia fupi ya tambarare inayozunguka hadi kwenye kuta, na Mama Jelimo akauchukua mkoba wake, akashukuru, akaondoka nao akiongea na bibi mmoja wa Kivenda kana kwamba walisoma darasa moja. Shekinah alitangulia na wasichana wa saluni anayofanyia kazi. Orpha akaanza kukimbia kwa sababu watu wote walikuwa wanakimbia.

Mlima ule ulikuwa mkali. Njiani watu walipomwona Kip, mrefu na mwembamba, na kusikia ametoka wapi, walimshangilia, "Kenya! Kenya! Eish, leo mtatuonyesha!" Maskini, hawakujua kwamba huyu alikuwa Mkalenjin wa ofisini. Mwinuko wa kwanza tu alikuwa anahema. Orpha, anayepanda ghorofa kumi na moja kila siku kwa kuwa lifti ya jengo lao ilikufa zamani, alikuwa mbele yake hatua tatu, na hasira ilimwongezea nyingine mbili.

"Orpha! Ningoje!"

"Yaya ni nini kwenu?" aliuliza bila kugeuka.

"Wacha nikuelezee..."

"Elezea. Yaya ni nini?"

Kip alishika kiuno. "Ni... mtu wa kusaidia kazi ya nyumba. Lakini ni neno tu, mpenzi. Mama amechanganya."

"Mama amechanganya, na wewe? Wewe ulichanganya nini?"

"Ningemwambiaje pale, watu wote wako hapo? Ana presha, Orpha. Anarudi Jumapili. Siku nne tu. Akishafika nyumbani nitampigia simu nimweleze polepole."

Orpha alisimama. "Kwa hiyo siku nne mi nibaki mutumishi wako. Nije kesho nideki, mama aone?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme namna gani? Nifundishe Kiswahili ya kwenu, sababu ya kwetu inakosea."

Kip alikaribia. Upande ule nyasi zilikuwa zimeungua wakati wa baridi na sasa majani mapya yalikuwa yanachomoza, kijani kibichi juu ya weusi. Hapakuwa na mtu karibu. Alimshika mkono, akaubana kifuani pake mahali ambapo moyo ulikuwa unadunda kwa mlima na kwa woga.

"Nitazame," alisema. "Kuna siku nimekosa kuja? Ulipolazwa hospitali, nani alilala kwa kiti? Nakupenda mpaka najichukia. Lakini humjui mama. Mkongo, fundi wa nguo, bila degree... atalia, atapigia ukoo wote. Nataka nimuandae, ndio asikuumize. Nakulinda wewe."

Na ni kweli alilala kwenye kiti. Siku nne, shingo ikakakamaa. Orpha alikumbuka, na moyo, huo mpumbavu wetu sote, ukaanza kulegea. Alitaka kumfuta jasho. Alikuwa hata ameinua ncha ya kitenge kufanya hivyo.

Sauti zikasikika kwenye kona. Vijana wawili wenye fulana za bluu kama ya Kip walitokea wakikimbia, wakapunga mkono. "Sharp, Kip!"

Kip aliuachia mkono wa Orpha. Hakuuachia polepole. Aliutupa, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akasogea pembeni na kucheka na wenzake kicheko cha kazini. Walipopita aligeuka, akamkuta Orpha ameutazama ule mkono wake mtupu.

"Na wale?" Orpha aliuliza. "Nao wana presha?"

Orpha akaendelea kupanda hadi juu.

Pale juu, kuta za mawe zimezunguka kiwanja kama ua wa nyumba, na kuna pengo moja tu la kuingilia. Hapo mbio husimama. Kila mtu huvua viatu, na kabla hajakanyaga ndani hupiga hodi kwa Kitswana, "Ko ko!" Hujitaja jina, ukoo wake, na aliokuja nao, kwa maana wenye nyumba hawawezi kumkaribisha mtu asiyejulikana ni wa nani. Aliyepokea hodi hizo alikuwa Mme Kelebogile, yaani Mama Kelebogile kwa Kitswana, muuguzi mstaafu mwenye raba nyeupe na sauti isiyohitaji kipaza. Mama yake Kip alikuwa ameshafika kwa njia yake fupi, ameketi juu ya jiwe ndani ya pengo, anajipepea kwa kofia.

"Ko ko," Kip alisema akihema; Orpha alikuwa amempisha atangulie.

"Ni nani?" Mme Kelebogile aliuliza kwa Kiingereza.

"Ni Kiprono. Ukoo wetu ni wa nyuki. Natoka Kapsabet, Kenya. Nimekuja na mama yangu, yule pale."

"Wa nyuki! Karibu sana, mtoto wa nyuki." Mama mtu mzima alimpisha, kisha akainua kidole. "Na huyu wa nyuma yako? Mimi nimesimama hapa tangu asubuhi, mwanangu, naona njia yote. Mlishikana mikono pale penye nyasi zilizoungua. Yeye ni nani wako?"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuwatakia heri. Mama Jelimo akaacha kujipepea. Orpha alisimama peku juu ya mawe ya baridi, na Mungu ni shahidi, hata wakati huo alikuwa bado anangoja. Neno moja tu lingetosha. Angeufuta mkoba, angeifuta fulana ya bluu, angewafuta wale vijana wawili. Alikuwa tayari kufuta kila kitu.

"Huyu..." Kip alitazama mama yake, akatazama wenzake wenye fulana za bluu waliokuwa wanavua viatu. "Huyu hunisaidia nyumbani. Nilikuwa namvusha, kulikuwa na mawe."

Sasa alikuwa amelisema mbele ya Orpha, kwa kinywa chake mwenyewe.

Mme Kelebogile hakucheka tena. "Haya," alisema. "Zamu yako, binti."

"Ko ko," Orpha alisema. Aliyoyasema aliyasema kwanza kwa Kiswahili, macho yake yakiwa kwa Mama Jelimo, ndipo akayarudia kwa Kiingereza. "Ni mimi Orpha, binti ya Gustave, mutu wa Baraka, kule Fizi, Congo. Nashona nguo. Nimekuja na mudogo wangu Shekinah, na mi ndiye yaya yake. Kwetu yaya ni mukubwa, ule alikutangulia ndani ya tumbo ya mama. Kwa nyumba ya huyu kaka sijawahi kuwa mutumishi. Nilipika sababu nilipenda."

Akaingia.

Mama Jelimo aliivaa miwani yake. Alimtazama Orpha, kitenge cha kijani, macho mekundu. Akamtazama Shekinah, aliyekuwa akingoja nje ya pengo na kitenge hicho hicho. Walimu wana namna yao ya kujumlisha, na huyu alikuwa amejumlisha miaka thelathini na mitano.

"Kiprono. Kuja hapa."

Kip akaja.

"Huyu ni nani?"

"Mama, tuongee kwa nyumba..."

"Nakuuliza hapa kwa sababu hapa ndio umedanganya. Huyu ni nani?"

Kip alijaribu kuinua uso, ukamshinda. "Ni mchumba wangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa sita."

"Na ukaniacha nimpatie mkoba anishikie. Nikamuuliza analala wapi! Mimi, na hizi mvi!" Mama alikuwa haongezi sauti, alikuwa anaipunguza, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwa nini, Kiprono?"

"Niliogopa utamkataa."

"Nilikukataza Mkongo lini? Taja siku."

Kip akavitazama vidole vyake vya miguu.

"Nilikukataza fundi wa nguo lini? Baba yako alinipata nikiuza maziwa. Taja siku, niombe msamaha."

Siku hiyo haikuwahi kuwapo. Orpha alisikiliza, na kila swali la yule mama lilikuwa linabomoa kitu ndani yake ambacho alikuwa amekiegemea mwaka mzima. Usiku ngapi alikuwa amemwombea mwanamke huyu alainike moyo? Alifunga siku tatu kwa ajili yake! Alimwogopa, akamchukia kidogo, akaomba toba kwa kumchukia. Kumbe alikuwa anapigana na mtu ambaye hata hakujua kuna vita. Ukuta wote ule aliujenga Kip, akauandikia jina la mama yake.

"Mama yako hajui kitu," Orpha alisema taratibu. "Sasa ni nani alikuwa na haya, Kip?"

Safari hii Kip hakuona mahali pa kukimbilia.

"Ni mimi," alisema. "Kazini wanaulizana. Bibi yako anafanya nini, alisoma wapi. Nilikuwa naona wakiuliza, na mimi... ni mimi, Orpha."

Mama yake akafumba macho kama aliyesikia habari ya msiba. Kisha akainuka kwenye jiwe, akamwendea Orpha, na kabla hajazuiwa akamshika mikono kama alivyomshika asubuhi.

"Nisamehe, binti yangu. Nilikutukana bila kujua."

"Hukunitukana, mama. Hata mama yangu alifanya kazi ya nyumba ya watu, kule Uvira, ndiyo ilitusomesha. Ile neno haikuniuma. Iliniuma vile alinificha ndani yake."

"Basi kuja Ijumaa tukule pamoja. Kuja kama bibi-arusi wangu. Mimi nitapigia watu wa kwenu simu mwenyewe, na Jelimo atakuja tuanze mambo ya mahari. Maji yamemwagika, lakini mtungi haujavunjika."

Ilikuwa ndiyo sentensi ambayo Orpha alikuwa ameitamani mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikuwa ameisikia ndotoni kwa sauti mbalimbali, akiwa hajui sauti yenyewe ikoje. Sasa ilikuwa imesemwa, na mwenye kuisema alikuwa na viganja vya joto, na haikuwa na kazi tena. Hapo ndipo alipoanza kulia.

"Mama," alisema, "wewe sina neno na wewe. Ungekuwa ni wewe ulinikataa, ningekuja kila siku, ningekaa kwa mulango mpaka unizoee. Mama mukwe anaweza kukataa, akachoka, akapenda. Lakini nikiolewa na mutu ananionea haya, nitapiga hodi kwa nani? Nitakuwa ndani ya nyumba yake, na bado niko inje."

Mama Jelimo aliivua miwani yake, akaiacha ining'inie kifuani.

"Orpha." Kip alikuwa amesogea. Wale wenye fulana za bluu walikuwa hapo hapo, na Wavenda, na Wazulu, na akina mama wa kanisa la Wakongo, na alisema mbele yao wote, kwa sauti ya juu, ikakwaruza. "Nakupenda. Nitamwambia kila mtu. Nakupenda!"

"Najua," Orpha alisema. "Ungekuwa hunipendi, nisingelia hivi."

Alijifuta pua kwa mkono, bila urembo wowote. Akamkumbatia Mama Jelimo kwa muda mrefu, akamtakia safari njema, akatoka kwa pengo lile lile aliloingilia. Shekinah alikuwa nje anamngoja, ameshika viatu vya wote wawili. Alikuwa ameyasikia yote.

"Yaya, turudie nyumbani? Kuna gari inapeleka watu chini."

"Imebakia ngapi?"

"Kilomita tatu. Tunaweza kuachia hapa, hakuna mutu atauliza."

"Tumalize," Orpha alisema.

Walivaa viatu. Njia ya kuteremka ilikuwa pana, na watu wa mitaa ya karibu walikuwa wamejipanga pande zote mbili na watoto mabegani na maji kwenye ndoo. Orpha alikimbia akilia waziwazi, mdomo wazi, machozi na kamasi vikimchuruzika, hajifichi wala hajifuti, na Shekinah alikimbia pembeni yake bila kusema neno. Watu wa kando ya njia walimwona mwanamke wa kitenge cha kijani anakuja analia. Wakadhani ni uchovu, wakampigia makofi.